Jinsi ya Kuichambua Tamthilia Ambayo Hujaitazama

Kuna mambo mawili ambayo mkazi wa Tassia, Nairobi, hasamehewi: kuvuka tarehe 5 bila kulipa nyumba, na kukaa kwenye benchi la kinyozi bila maoni. La kwanza malizana na keateka wako. La pili niachie mimi.

Mada iliyo mezani ni Subterranea, tamthilia ya Showmax ya mwaka 2024 iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kutangazwa kuwa ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi kutengenezwa Kenya. Kuna jaribio la kisaikolojia linalofanyika ndani ya handaki. Huko juu kunatokea janga. Washiriki wanabaki wamefungiwa chini, hawajui duniani kumesalia nini. Ikariri hiyo. Kuna watu wametamba nayo kutoka steji hadi kwa mama mboga na hawakuongeza neno.

1. Tazama trela, mara moja tu

Mara moja inakupa sura mbili tatu za kukumbuka. Ukirudia, utaanza kuwa na maswali, na mwenye maswali hatoi maoni, anaomba maelezo. Itazame ukiwa kwenye matatu, Outer Ring imefungana, sauti ya simu umeizima. Hivyo baadaye utalalamikia sauti kwa dhamiri safi: kweli hukusikia kitu.

Kisingizio cha kutoendelea kiwe tayari mapema. Usiseme huna muda. Jumapili Tassia kila mtu ana muda. Taja waifai ya ploti. Wote wanajua inavyozimia saa mbili usiku nyumba zote zikifungua simu kwa pamoja, na hakuna atakayekudadisi, maana atakuwa ameshakumbuka hasira zake mwenyewe.

2. Weka ushahidi

Fungua tamthilia, subiri jina litokee kwenye skrini, piga picha, funga. Picha hiyo iweke kwenye status ya WhatsApp, lakini usiiweke saa mbili. Saa mbili wanatazama watoto. Iweke saa sita kasoro usiku, bila maelezo, pembeni kukionekana bakuli la bisi. Bisi za shilingi kumi zinatosha, kwa sababu kwenye picha bakuli halionekani lilivyo tupu chini.

Kesho yake mtu atakuuliza, "Buda, ulikesha?" Cheka kidogo tu. Cheko si uongo.

3. Chagua hukumu kabla ya ushahidi

Anayesubiri kuona ndipo aamue atakuta wenzake wameshagawana hukumu zote nzuri. Kwa kazi ya nyumbani, hukumu ya kawaida ni "wamejaribu." Itumie bila woga. Anayeipenda tamthilia atasikia sifa, asiyeipenda atasikia dharau, nawe utabaki mtu wa busara kwa wote wawili. Itamke polepole, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mzee anayekadiria mbuzi wa mahari.

Benchi likiwa na vijana wa chuo, hiyo haitoshi. Hao wanataka kasoro. Sauti nimeshakutajia. Kasi nayo inafaa: "Inaanza polepole." Kila tamthilia huanza polepole kwa mtu aliyesinzia. Bajeti ni kasoro na utetezi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ibebe kila unapokwenda. "Kwa bajeti yetu, mtu atafanya nini?" Hakuna mtu kwa kinyozi anayejua bajeti ilikuwa pesa ngapi, na wote watatikisa kichwa kana kwamba wao ndio waliotia sahihi.

Kitu kimoja usikiguse: giza. Hadithi iko chini ya ardhi. Anayelalamika kwamba handaki lina giza hujulikana papo hapo.

Wapo wachache wanaopenda upande wa kutetea, nami nawaheshimu, maana kutetea kitu ambacho hujakiona kunataka moyo zaidi kuliko kukiponda. Kama wewe ni wa huko, beba mfano mmoja wa Marekani: kituo cha NBC kiliikataa sehemu ya kwanza ya majaribio ya Star Trek, kikaagiza nyingine, na tamthilia ikaanza kurushwa Septemba 1966. Sema hivyo, kisha geuka umtazame anayenyolewa.

4. Fananisha na ya nje, ila kwa tahadhari

"Hii ni Silo ya Kenya." Basi, umemaliza. Silo ilitoka 2023 kwenye Apple TV+, chanzo chake ni vitabu vya Hugh Howey, na wahusika wake wanaishi katika jengo lililochimbiwa ardhini, ghorofa 144, bila lifti hata moja. Fallout ya Amazon, iliyotoka Aprili 2024, nayo ina watu wa mahandaki. Taja mojawapo na utaonekana mtu anayelipia vitu kwa dola.

Shida ni kwamba uko Tassia. Mwambie mpangaji wa ghorofa ya saba habari za watu wanaopanda ngazi bila lifti, uone kama atashtuka. Yeye hupanda na mtungi wa lita 20 kila mota ya maji inapoungua, na Apple haijawahi kumtafuta. Mpangaji wa chini kabisa amemzidi hata huyo. Taa yake inawaka saa sita mchana, kwa sababu kati ya dirisha lake na ukuta wa ploti ya jirani mkono haunyooki. Mtandao anautafuta akiwa amesimama juu ya kiti. Habari ya kwamba kumenyesha anaipata kwenye viatu vya wanaoingia getini. Mtu huyo humwelezi handaki. Unamuuliza.

Kwa hiyo geuza anwani yako iwe cheti. Kama unaishi chini, anza hivi: "Sisi wa chini tumeiona tofauti." Benchi litanyamaza. Kama unaishi juu, hamia chini kwa muda wa mazungumzo. Hakuna atakayekuja kuhesabu ngazi.

Kisha rusha swali moja, nalo linafaa kwa kila hadithi ya watu waliofungiwa mahali: ufunguo anao nani? Nani anajua kinachoendelea huko nje, na ananufaika vipi akinyamaza? Kwenye ploti yako jibu unalo. Ni keateka, mwenye ufunguo wa paa, wa mota na wa geti, ambaye peke yake anajua kama maji hayapo kweli au yamefungwa ili watu wakumbuke kodi. Swali hilo litakupa jina la mchambuzi mwaka mzima. Nimewaona hata waliotazama msimu wote wakiliazima.

5. Dondosha majina, halafu ondoka

Mchambuzi asiye na historia ni shabiki tu. Jina la kwanza ni Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009 iliyofika tamasha la Sundance 2010. Ni miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, na vita hivyo vilikuwa vya maji. Walionusurika wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao vinachujwa viwe maji ya kunywa, na mwanamke aitwaye Asha anapata udongo unaoweza kuotesha mbegu. Wewe sema tu, "Haya mambo Wanuri aliyaanza zamani." Jina moja, bila la baba. Angalizo: filamu yenyewe ina dakika kama 20. Siku maji yanapokuja kwa mgao, mtu anaweza kuifungua kwenye foleni akaimaliza kabla mtungi wake haujafika bombani, aje akuulize iliishaje. Pumzi hutajwa na mtu aliyesimama, begi liko begani.

Jina la pili ni Supa Modo, filamu ya Likarion mwenyewe iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ya msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kinachojumuika kumtimizia ndoto. Ukishaitaja hiyo, kila kasoro ya Subterranea inageuka kuwa uchungu wa rafiki: "Likarion tunamjua, anaweza zaidi ya hapa." Umemkosoa kwa upendo, na hajawahi kukuona.

La tatu ndilo tamu. Kizazi Moto ni mkusanyiko wa filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika uliotoka Julai 2023 kwenye Disney+, mojawapo ikiwa Enkai ya Mkenya Ng'endo Mukii. Jina la Kiswahili kabisa, na huduma yenyewe haikuwa imefunguliwa Kenya. Sifu hiyo bila kikomo. Hakuna mtu kwenye ploti yako aliyeweza kuitazama kwa njia halali, na aliyeitazama kwa njia nyingine hatasimama hadharani kukusahihisha.

6. Mtambue aliyetazama

Kila ploti ina mmoja. Mara nyingi ni msichana wa ghorofa ya tatu, mkimya, masikio yamezibwa na visikizi. Utamjua kwa dalili moja: anawataja wahusika kwa majina. Wewe usithubutu. Wewe sema "yule jamaa," "yule mama," "yule anayejifanya anajua." Hakuna tamthilia isiyo na yule anayejifanya anajua.

Siku moja atakukabili: "Kwani wewe ile ya mwisho ulielewa aje?" Usibabaike. Inua kiganja na uwahurumie waliobaki: "Tusiwaharibie wenye hawajaona, dadangu." Desturi hii ya kutofichua mwisho iliwekwa kwa ajili ya watazamaji, lakini sisi tusiotazama ndio tumefaidi. Kisha mvute kando, umwombe akueleze yeye alivyoiona. Sikiliza kwa makini kuliko ulivyowahi kusikiliza darasani. Maoni yake yabebe hadi kwa kinyozi uyatoe huko kabla hajashuka kununua maziwa.

Na kabla hujaponda chochote, angalia nani amekaa. Nairobi ni ndogo kwa mambo ya filamu. Wewe uko kwenye matatu ukieleza jinsi sauti ilivyo mbovu, kumbe aliyeshika maikrofoni siku hiyo yuko kiti cha nyuma, na anashukia Tassia kama wewe.

7. Usipitie duka la muvi

Jamaa wa hapo ni mkarimu kupita kiasi. Atasimamisha filamu ya vita ambayo DJ Afro anaitafsiri kwa mbwembwe, ataitafuta yako, akuwekee kwenye flashi kwa bei ya chapati mbili. Umejimaliza. Likarion hajapata hata ndururu, na wewe umepoteza kisingizio cha waifai.

8. Ikibidi kabisa, tazama

Siku hiyo itafika. Itakuwa Jumamosi, mvua inanyesha, mchumba amekuja, tokeni za stima zipo na bando la wiki halijaisha. Hakuna pa kukimbilia.

Tazama sehemu ya kwanza na ya mwisho. Za katikati zilale. Kila ukizinduka uliza, "Bado hawajatoka?" Kwa hadithi ya handaki, swali hilo halina dakika isiyolifaa, na mchumba ataamini uko macho.

Hatari ni moja tu: unaweza kuipenda. Dalili huanza mapema. Wali unaungua na husikii harufu. Jirani anagonga mlango kuomba chumvi, nawe unashtuka kana kwamba wewe ndiye uliyefungiwa. Saa saba usiku bado unasema "moja tu ya mwisho," mchumba ameshalala, na simu umeiegemeza kwenye sufuria ili mkono usichoke. Ukifika hapo usipigane nayo. Asubuhi shuka kwa kinyozi, kaa kwenye benchi, utangaze kwamba ulikuwa unawaambia tangu mwanzo hii kitu ni kali. Atakayekukumbusha ile "wamejaribu" yako, mwambie ilikuwa sifa.

Na msimu wa pili ukiwahi kutangazwa, usingoje hata trela. Wahi useme wa kwanza ulikuwa bora.