Weka Rivasi Uwashe

Ukanda wetu huu, kuanzia Mwadui ya almasi hadi maduara ya dhahabu ya Rwamgasa na Nyarugusu, umejaa watu wanaojua mambo ya chini ya ardhi. Lakini gari likigoma njiani, wote hao hugeuka mafundi wa giaboksi, na jibu lao ni moja: "Hiyo imekufa mzee, tafuta used ya Dubai."

Langu ni Cresta GX81. Toleo hilo lilianza kutoka Japani mwaka 1988, na injini yake ya 1G-FE ina sisi 1,988. Bila shaka Toyota walihofu tutasahau. Giaboksi lake la otomatiki lilishushwa kwenye gereji moja ya Ngokolo, Shinyanga mjini, kwa sababu sili ya mbele ilikuwa inavuja.

Kulishusha si kitu. Kulirudisha ndiko kunakotenganisha fundi na mwenye spana. Wapo wanaoliweka tokikonveta juujuu, halafu wanalazimisha kwa bolti hadi giaboksi libane na injini. Pampu inapasuka kabla gari halijatoka getini. Fundi wetu hakuwa wa hivyo. Alilikumbatia lile dude, akalizungusha polepole, likaita "tk", akazungusha tena, likaita "tk" la pili, likazama mahali pake. Sijawahi kuona mtu mzima akitabasamu vile kwa sababu ya mlio. Kisha, kazi ngumu ikiwa imekwisha, ilibaki nati moja ya fimbo inayotoka kwenye mkono wa gia kwenda kwenye giaboksi. Hiyo aliikaza huku simu iko begani, akibishana na mtu kuhusu bei ya mpunga.

Tukawasha. Kimya. Betri ikalaumiwa, ikaazimwa nyingine. Stata ikagongwa nyundo. Waya wa arthi ukakwanguliwa hadi ukang'aa. Ndipo kijana muosha magari, aliyekuwa akifuta dashibodi, akasogeza gia kwenye R na kugusa ufunguo. Injini ikanguruma.

"Mmeona?" fundi akasema kwa utulivu mkubwa. "Linataka rivasi kwanza. Magari ya zamani yana tabia zake."

Shemeji, ambaye ndiye aliyekuwa dereva kwa kuwa safari ilikuwa ya kupeleka posa yake Katoro, akachukua kipande cha karatasi akaandika sheria mpya. R ni paki. N ni rivasi. D ni njiwa, haiendi popote. 2 ndiyo ya kwendea. Paki yenyewe ilikuwa haifikiki kabisa, mkono unagota R. Karatasi ikabandikwa kwenye dashibodi, tukaondoka.

Tinde tulimpita trafiki salama. Kagongwa tukasimama kununua mchele, na hapo shemeji akasahau karatasi, akaweka N awashe kama watu wengine. Kimya. Vijana wakatokea wakiwa wamekunja mikono ya mashati.

"Tusukume, mkuu?"

"Otomatiki haisukumwi," nikawaambia.

"Kila gari linasukumwa, mzee. Ni nguvu tu."

Nikajaribu kueleza kwamba pampu ya giaboksi huzungushwa na injini, injini ikilala hakuna presha, magurudumu yatazunguka mpaka Kahama bila kuiamsha. Na kulivuta mbali bila kufungua propela shafti ni kulikausha giaboksi. Mama mmoja muuza mchele akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ng'wanawane, basi lisomee dua." Shemeji akasoma karatasi badala yake, akaweka R, likawaka. Vijana wakadai hela ya kusukuma.

Kahama likaja la pili: injini inapiga kelele, gari linajivuta kama halijaamua. Stiki ilionyesha oili imejaa, lakini fundi alipima injini ikiwa imezimwa. Dereva mmoja wa lori, mtu wa maneno machache, akatupimia ipasavyo: injini inaunguruma, giaboksi la moto, gia imepitishwa nafasi zote ndipo irudi paki, yaani R kwa lugha yetu. Stiki ikatoka kavu. Tokikonveta lilikuwa limekunywa oili yote. Tukaongeza Dexron nyekundu kidogo kidogo, tukashika njia ya Kakola kwenye mgodi wa Bulyanhulu, hadi Geita, hatimaye Katoro.

Huko kuna mafundi wa makarasha, watu wanaoshinda na mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mmoja akalala chini ya gari, akacheka peke yake huko huko, akaomba spana namba 12. Akalegeza ile nati, akalisukuma giaboksi hadi mwisho wa paki, akahesabu mikato miwili kurudi mpaka N, akaniambia niweke mkono wa ndani kwenye N, akakaza. Kazi ya muda wa kumenya chungwa. P ikawa P, D ikawa D.

Gari lilipona, aliyebaki mgonjwa ni shemeji. Jioni, akiwa amevaa suti ya posa, alisimama mbele ya wakwe, akaweka R kwa madaha, akaachia breki ashuke. Cresta likarudi nyuma mpaka kwenye viroba vya jirani vya marudio, mabaki ya mchanga wa dhahabu, vikapasuka. Mwenyewe akatoka mbio. Marudio yale, akasema, yalikuwa yanasubiri kwenda kuchenjuliwa, na dhahabu yake sasa iko kwenye matairi yetu. Hakutaka fidia. Alileta karai, ndoo na brashi, akataka tairi zote zioshwe pale pale, maji machafu yabaki kwake.