Cherehani ya Kazi Nzito

Ijumaa iliyopita, baina ya gati la Manda wanaposhukia wasafiri wa ndege na mji wa Lamu, mbele ya jamaa waliokuja harusini na mbele ya mabaharia wa vyombo vingine ambao hawakuona haja ya kuficha vicheko vyao, chandarua cha turubai nilichokishona kwa mikono yangu ili kuikinga mashua yangu na jua na mvua kilifumuka mshono wake wa kati kutoka tezi hadi omo, na maji yote ya mvua ya alfajiri yaliyokuwa yametuama juu yake yakateremka kwa mara moja juu ya mavyaa wangu. Nafasi ya kumwagika ilikuwa tele. Kulikuwa na magunia, kulikuwa na masanduku, kulikuwa na shemeji zangu wawili ambao ningewasamehe maji hayo kwa furaha; lakini maji yaliwapita wote yakamchagua yeye.

Bibi yule, kwa kuwa amelelewa katika adabu ya kale, hakupiga ukelele. Alipangusa uso kwa ncha ya buibui, akautazama mshono uliokuwa ukining'inia juu ya kichwa chake, kisha akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya upole ambayo hata hivyo ilisikika mpaka chombo cha pili: "Mwanangu, mimi sijafa bado. Mbona wanikosha?"

Kufikia magharibi hapakuwa na baraza katika mji huu ambapo maneno hayo hayajakaririwa, na jana mwuza kahawa, aliponimiminia kikombe, aliniuliza kwa heshima zote kama nitakinywa au nitakioga. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kueleza bayana, kwa faida ya kila mwenye chombo, kwamba katika kadhia hii mimi sina hatia, na kwamba mwenye hatia ni cherehani.

Mashua ya mbao iliyotia nanga bila ya kifuniko ina adui wawili. Jua huikausha mbao hata ikasinyaa, kalafati ikatoka katika nafasi zake, na mafuta ya sifa uliyoyapaka kwa jasho lako yakapotea kabla ya mwezi kuandama. Na mvua, ambayo watu wengi huidhania kuwa ni rehema kwa kila kitu, huleta maji matamu ambayo huozesha mbao kuliko maji ya chumvi. Chandarua ni lazima. Fundi niliyemwendea alinitajia ujira ambao kwa hesabu yangu ungenunua nusu ya mashua yenyewe, nikaaga, nikaazimia kununua cherehani na kushona mwenyewe. Azimio ambalo mpaka leo nashikilia kuwa lilikuwa la busara.

Nilikwenda Mombasa. Katika duka ambalo sitalitaja, kwa kuwa nataka kuishi kwa amani, nilionyeshwa cherehani nyeupe, nyepesi, yenye umbo la kupendeza na taa ndogo inayowaka penye sindano, na juu ya kasha lake yameandikwa kwa herufi za dhahabu maneno ya kigeni yenye maana ya kazi nzito. Nilimwuliza mwuzaji kama yashona turubai.

"Bwana, hii yashona chochote."

"Hata ngozi?"

"Ngozi ni mchezo."

"Na turubai lililokunjwa mara mbili tatu?"

"Bwana," akanijibu, kwa huzuni ya mtu aliyedharauliwa, "uliza swali gumu."

Akachukua kipande cha bafta nyembamba, akakipitisha chini ya sindano kwa kasi ya ajabu, akaniambia kwamba mashine ile hupiga mishono zaidi ya elfu kwa dakika moja, akanipa karatasi ya dhamana yenye muhuri, na kama hidaya akaniongezea pakiti ya sindano namba 14. Mtu wa namna gani angemshuku?

Naomba msomaji anistahimilie nieleze siri ya chombo hiki, kwani sikuwa nikiijua hata nilipokuwa nikikitumia, na tangu nilipoijua sipati usingizi kwa kustaajabu. Anayeshona kwa mkono hutia uzi katika tundu lililo nyuma ya sindano, akaipitisha sindano nzima upande wa pili wa nguo, akaigeuza na kuirudisha; na waliotaka kuunda mashine ya kushona walijitaabisha muda mrefu kutafuta namna ya kukipa chuma vidole vya kuigeuza sindano hiyo. Ufumbuzi ulikuwa ni kuacha kuigeuza. Tundu lilihamishwa kutoka nyuma likawekwa karibu na ncha. Sindano hushuka pamoja na uzi wake ikatoboa nguo, kisha kabla ya kutoka hupanda kidogo tu, na kwa kupanda huko uzi ulio ubavuni mwake, kwa kuwa umezuiwa na nguo, hulegea ukafanya kitanzi kidogo. Papo hapo, kwa chini, ncha ya ndoano inayozunguka hupita kando ya sindano, juu kidogo ya tundu, ikakidaka kitanzi, ikakipanua na kukipitisha kuizunguka bobini nzima yenye uzi wa pili, hata uzi wa juu ukawa umeukumbatia uzi wa chini. Kisha uzi huvutwa, na mahali nyuzi mbili zilipokumbatiana pakafichama katikati ya unene wa nguo, pasionekane juu wala chini. Elias Howe alipata hataza ya mashine inayoshona kwa nyuzi mbili namna hii huko Marekani mwaka 1846, na Isaac Singer akapata ya kwake mwaka 1851; na mimi, niliyevaa kanzu zilizoshonwa hivyo umri wangu wote, sikuwahi hata mara moja kuinama na kutazama kinachotendeka chini ya bamba lile la chuma.

Sasa zingatia jinsi mambo hayo yalivyo membamba. Nafasi baina ya ncha ya ndoano na ubavu wa sindano haizidi unene wa karatasi. Sindano namba 14 ina kipenyo cha milimita 0.9, na hiyo yatosha shati. Turubai lataka namba 18, ya milimita 1.1, au nene kuliko hiyo, kwa sababu sindano nyembamba ikikutana na kitambaa kigumu hupinda, na ikipinda kidogo tu, ndoano hufika pale kitanzi kilipopaswa kuwapo ikakuta patupu. Mshono huo umerukwa. Ikipinda zaidi, ndoano huigonga sindano, na hapo utasikia mlio, na nusu ya sindano utaitafuta katika ndevu zako.

Mimi nilizitafuta nyingi. Niliweka cherehani barazani kwa sababu chandarua hakikuenea ndani, nikakusanya watazamaji bila ya kuwaalika, nikaanza. Katika mshono wa kawaida wa turubai, ambao kingo za vipande viwili hukunjwa na kuvishana ili maji yasipenye, sindano hupita tabaka nne. Na pale mshono huo unapofika ukingoni na kukutana na pindo lililokunjwa mara mbili, tabaka nne huwa kumi na mbili. Kwenye tabaka nne cherehani ya kazi nzito ilinguruma. Kwenye tabaka kumi na mbili mguu wake haukuweza hata kuinuka kiasi cha kupokea kitambaa, na nilipokisukuma kwa nguvu, gurudumu lilisimama, taa ndogo ikafifia kama mgonjwa anayeaga, na ndani ya tumbo lake jeupe jino la gurudumu la plastiki likakatika kwa sauti ambayo watoto wa mtaa wetu wanaiiga mpaka leo.

Na hilo halikuwa balaa kubwa. Balaa kubwa ni meno. Cherehani ya nyumbani husukuma nguo kwa meno madogo yaliyo chini ya kitambaa, na kwa juu mguu umekaa tu, umekandamiza. Kwa hiyo tabaka la chini husukumwa na tabaka la juu huburutwa kwa kusitasita, na kwa kila mshono la juu hubaki nyuma kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini mishono ni mingi. Nilianza na vipande viwili vilivyolingana sawasawa, nikafika mwisho, kimoja kimempita mwenziwe upana wa kiganja. Ziada ile ilijikusanya ikafanya mfuko katikati ya chandarua, na ni katika mfuko huo mvua ya Ijumaa ilijihifadhi ikimngoja mavyaa wangu. Ziko cherehani ambazo mguu wake wa juu hutembea pamoja na meno ya chini, na nyingine ambazo hata sindano husogea pamoja navyo, hata tabaka zote zikaenda kwa hatua moja. Hizo ndizo watumiazo mafundi wa viti vya magari na wa maturubai. Katika duka lile hapakuwa na mtu aliyezitaja.

Mzee mmoja wa Matondoni, ambaye ameshona matanga kwa mkono tangu ujana wake, alipita barazani kwangu jioni moja, akaushika mshono wangu, akaupitisha baina ya vidole vyake hatua baada ya hatua bila ya kusema neno. Kisha akasema: "Hapa imeshona. Hapa imekumbuka kushona. Hapa imesahau." Akanirudishia turubai, akaenda zake msikitini. Nilifedheheka, nikikumbuka kwamba watu wa visiwa hivi zamani walishona mitepe, yaani walichukua mbao za chombo kizima wakaziunganisha kwa kamba za nazi bila ya msumari, wakaweka tanga la mkeka wakasafiri baharini. Na mimi, mwenye mota, taa na dhamana, nashindwa kuunganisha nguo kwa nguo. Lakini wageni walikuwa wamekwisha panda ndege. Tulikifunga chandarua vivyo hivyo.

Hapa ndipo mzaha waniishia. Nilikuwa nimeirudisha cherehani Mombasa kabla ya harusi, pamoja na karatasi yenye muhuri, na yule yule aliyeniambia kwamba ngozi ni mchezo aliifungua, akalitazama jino lililokatika, akaniuliza nilikuwa nashona nini. Nikamwambia turubai. Akaufunga mfuniko taratibu, akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho wa dhamana, ulioandikwa kwa herufi za kuhitaji miwani, usemao kwamba dhamana inabatilika ikiwa mashine itatumiwa kwa kazi nzito.

Nimeyatafakari maneno hayo nikiwa macho na nikiwa kitandani, na siyaoni kuwa ni ya kuchekesha. Mtu aliyetoa fedha zake za halali ameandikiwa sifa kwa dhahabu nje ya kasha na kunyang'anywa kwa wino mwembamba ndani yake. Maneno yale ya kasha hayana kipimo: hayasemi mguu wainuka milimita ngapi, hayasemi sindano nene kuliko zote yaweza kuwa namba ngapi, hayasemi magurudumu ya ndani ni ya chuma au ya plastiki. Husema mishono elfu kwa dakika, jambo ambalo mshona turubai halihitaji kamwe, kwa kuwa yeye hutaka nguvu katika mwendo wa polepole, na mota ndogo ya nyumbani ikienda polepole ndipo nguvu zake zinapokwisha. Barthélemy Thimonnier, Mfaransa aliyetangulia kushonesha sare za askari kwa mashine, alivamiwa karakana yake mjini Paris mwaka 1831 na mafundi wa nguo waliozivunja cherehani zake kwa kuhofia riziki zao. Zamani nilipokisoma kisa hicho niliwahesabu watu wale kuwa ni majahili. Siku hizi nakisoma kwa utulivu mkubwa zaidi.

Kutoka hapo sina mengi. Cherehani ya pili niliyoinunua ilikuwa ya kufunga kingo za nguo tu, na aliyeniuzia alijua hivyo. Ya tatu aliniletea mpwa wangu kutoka Marekani, ikiwa ya volti 110, nami nikaiunganisha na umeme wetu wa volti 240. Moshi ulitoka mzuri.

Ya nne, niliyoipata Jumapili, siku mbili baada ya izara yangu, ni kongwe, nyeusi, ya chuma cha kalibu, ya kukanyaga kwa miguu, iliyokuwa imewekewa vyungu vya maua katika ua wa jirani. Haina taa. Hupiga mshono mmoja tu ulionyoka, na mshono huo watosha chandarua. Mshono wa kwenda upogo huhitajiwa na matanga, ambayo huvutwa na upepo na yataka mshono wenye kunyumbuka. Gurudumu lake ni zito, na likishika mwendo, uzito wake wenyewe huisukuma sindano namba 18 hata katika tabaka nane. Tabaka kumi na mbili zaishinda, na pembe za chandarua nazimalizia kwa mkono. Mguu wake hautembei, kwa hiyo nabana vipande kwa vibanio vya nguo kila shibiri moja kabla ya kushona. Uzi natumia wa poliesta mnene, kwa kuwa uzi wa pamba huoza kwa ukungu kabla ya kusi kwisha.

Nawe msomaji uliye na chombo na unakusudia kwenda dukani, nakusihi usiende mikono mitupu. Chukua kipande cha turubai lako lenyewe, ukikunje mpaka kifike tabaka nane, uchukue na sindano yako na uzi wako, ukiweke juu ya meza ya mwuzaji kabla ya kutoa hata shilingi moja, na umwombe akishone mbele yako, polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Akikuambia kwamba hapana haja, muage ukatafute duka jingine. Na kama ni duka lile la Mombasa, mwambie cherehani yake ninayo bado, jino lake nalo ninalo katika bahasha, na nauli ya kuvirudisha namdai yeye.