Muulize Njomba: Ua, Fagio na Hela za Mnada

Barua za mwezi huu zimefika na vumbi lake. Huku Kusini mvua ni moja kwa mwaka: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na hutuaga Aprili au Mei. Ua unapaswa kuandaliwa sasa. Lakini sasa ndipo korosho zinadondoka, mikono yote iko chini ya mikorosho na masikio yote yako mnadani. Nimewajibu hivyo hivyo.

*Njomba, mke wangu hufagia ua kuanzia alfajiri mpaka vumbi linaingia kwenye uji. Ua umeshuka, mizizi ya mwembe iko nje, msingi wa nyumba unaonekana. Nikisema, ananijibu "nyoka". Nifanyeje? – Mla Vumbi, Mkomaindo*

Mpwa, kwenye nyoka mkwe wangu ana haki. Hatua nne tano kuzunguka nyumba ziwe nyeupe. Chini ya mkorosho nako afagie sana, maana korosho iliyojificha kwenye majani panya huiona kabla yako. Ila chini ya mwembe aache. Udongo wetu ni mchanga, rutuba yake iko juu juu tu, na kila asubuhi fagio linaihamishia kwa jirani. Mvua ya kwanza ikipiga ardhi iliyo uchi, itachukua iliyobaki.

Majani yasichomwe. Chimba shimo la kufika magotini, mbali na ukuta, yaingie humo pamoja na samadi na majivu kidogo. Mvua zikikolea panda mgomba au mpapai hapo. Shimo lichimbe wewe. Nimesoma barua yako mara mbili: anayefagia alfajiri ni mmoja, na mwenzake ameketi anakunywa uji.

*Njomba, nilikuwa Dar, nimeona nyumba zenye nyasi za kijani kama zulia. Nataka ua wangu uwe hivyo. Ninunue nyasi gani? – Mpenda Kijani, Newala*

Newala hii hii, ambako maji hupandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na yakikatika ndoo inakuwa na bei? Mvua ya uwandani huzama mchangani kabla hujaita watoto walete sufuria. Ndiyo maana wazee walichimba mahodhi ya kuvuna maji ya paa. Nawe unataka kumwagilia kitu ambacho hata mbuzi wako utamkataza kula!

Hela ya zulia nunulia mfereji wa bati. Ingia hodhini sasa likiwa kavu, toa tope, ziba nyufa. Mvua ya kwanza iache ioshe paa na kumwagika. Ya pili ndiyo uielekeze ndani. Kijani kitapatikana: maboga yatambae, mihogo ikupe kisamvu, na mbaazi zisimame mpakani. Mbaazi ukizipanda na mvua, mvua huondoka zikabaki, nawe unachuma wakati wa kiangazi huku wenye mazulia wakitazama majani makavu. Maji ya kuoshea vyombo mpe mpapai.

*Njomba, nimeuziwa salfa kwa bei ya kutupa Novemba hii. Mkorosho wa uani niupulizie lini? Shemeji naye anataka kuupunguza matawi kote ukae duara. – Mjanja wa Bei, Masasi*

Salfa ya Novemba itatibu nguo ulizoanika. Ugonjwa wa ubwiriunga hushambulia majani machanga na maua ya mkorosho msimu wa baridi, na kazi ya salfa ni Juni hadi Septemba. Kama mfuko haujafunguliwa na tarehe haijapita, uweke pakavu, mbali na unga na watoto. Kama umefunguliwa, sasa unajua kwa nini ulikuwa rahisi.

Shemeji mnyang'anye panga mpaka korosho ya mwisho iokotwe, Januari au Februari. Hapo akate matawi makavu, yanayoburuza chini na yanayogonga bati. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi. Akizikata zote apate duara lake, msimu ujao mtavuna kivuli. Na akitaka kuongeza mti wa pili, mwambie nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kutoka mti hadi mti. Apime kwanza ua.

*Njomba, mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wangu. Jirani ndiye mwenyekiti wa mtaa. – Mnyonge*

Kesi ya mbuzi wa mwenyekiti husikilizwa na mwenyekiti. Panda ua wa mnyaa: kata vipande, viache kivulini siku chache jeraha likauke, kisha visimike. Jihadhari, utomvu wake ukiingia jichoni ni safari ya hospitali. Mpaka ushike, zungushia miiba.

*Njomba, nisubiri hela za mnada ndipo ninunue mbegu? – Mvumilivu*

Usisubiri. Mnada una ratiba yake na mvua ina yake, na shamba halipokei stakabadhi ya ghala. Mbegu za kunde, maboga na mbaazi ziko kwa mama yako, kwenye chupa yenye majivu, juu ya dari la jikoni. Nenda na kilo ya sukari, usalimie vizuri, usiguse chupa mpaka akupe. Mashimo yachimbwe wiki hii.

Ninyi wengine mlioandika kuuliza bei ya korosho itapanda lini, hii ni safu ya bustani. Kaulizeni kwenye chama chenu cha msingi.