Ombi la Kuwa Kifaa cha Makumbusho

Kwa Wakuu wa Utalii, Makumbusho na Turathi, wa Kaunti na wa Taifa,
pamoja na yeyote mwingine mwenye muhuri,
Mombasa.

MINT: OMBI LA KUSAJILIWA KAMA KIFAA CHA MAONYESHO

Waheshimiwa,

Mimi ni mzee wa Mji wa Kale, mtaa wa Kibokoni, nyumba yenye roshani upande wa kichochoro. Najua barua za raia hufika mezani kwenu zikiwa za malalamiko, nikaona leo niwapumzishe. Silalamiki. Naomba kazi.

Naomba niingizwe kwenye daftari la Makumbusho kama kifaa. Umri ninao, nyufa ninazo, nimeshapigwa picha na watu wa mataifa nisiyoweza kuyataja, na kwa ushahidi wa mke wangu, kutwa nzima sisogei.

Wazo lenyewe lilinijia Jumamosi moja baada ya alasiri. Nilikuwa nimekaa barazani pangu, kikombe cha kahawa chungu mkononi, kashata pembeni, namngoja mwenzangu tumalize ubishi wa juzi. Kikaja kikundi cha wageni, kofia na chupa za maji, mbele yao kijana wa kuwatembeza. Kijana akasimama hatua mbili kutoka kwenye magoti yangu, akanyoosha mkono juu ya kofia yangu, akawaambia: "Hii inaitwa baraza. Zamani wazee wa Kiswahili walikuwa wakikaa hapa jioni, wakinywa kahawa na kuzungumza."

Waheshimiwa, kahawa ilikuwa kinywani. Sikujua niimeze au niishikilie, nisije nikaiharibu historia mbele ya wageni. Wakatikisa vichwa kwa huzuni, kama watu waliofika matangani wakachelewa maziko. Kisha mama mmoja, kwa adabu nyingi, akaniomba nisogee kidogo apate picha ya baraza bila mtu. Nikasogea. Baraza ikapigwa picha ikiwa tupu, ikapendeza, nami nikasimama kando nikiwa nimeshika kashata yangu kama mtu aliyekuja kuomba kwa jirani.

Sikumkasirikia yule kijana. Anatafuta riziki, na wala hakukosea sana: hao wazee wa zamani ni baba yangu na babu yangu, walikaa papo hapo. Kosa ni langu niliyeendelea kukaa.

Basi kesho yake nikaenda Ngomeni, yaani Fort Jesus, kuona wenzangu watarajiwa wanavyoishi. Nikalipa bei ya raia, nikaingia. Nikasimama mbele ya vyombo vilivyotolewa kwenye merikebu ya Wareno, Santo António de Tanna, ile iliyokuja kuiokoa Ngome ikazama papa hapa mbele yake mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kazi ya kuifukua 1977. Kwa miaka 280 vyombo vile vilikaa topeni bila kumsaidia mtu, na leo vina kabati la kioo na maelezo yake. Bibi yangu mzaa baba naye alikuwa na sahani za Kichina, amezipanga kwenye zidaka za ukutani. Zake hazikuzama, ndiyo maana hazikupata kabati. Ziliuzwa moja moja: moja ikanunua mabati, moja ikalipa karo yangu, na iliyobaki ya mwisho ikavunjika siku ya arusi ya shangazi, tukaitupa, hatukujua kwamba hapo ndipo thamani yake ilipokuwa inaanza.

Nikaitazama mizinga nayo. Imelala uani, haifanyi kitu, na hakuna anayeidai kodi ya ardhi.

Ngome yenyewe hamna haja ya kuhadithiwa. Ilijengwa kuanzia 1593 hadi 1596 kwa mchoro wa Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Mwaka 2011 UNESCO wakaitangaza kuwa urithi wa dunia. Mimi pia adhuhuri hulala chali, umbo ni lilelile, sijaona mtu na kamera. Kati ya 1895 na 1958 Waingereza waliifanya jela, na enzi hizo mwananchi aliingia bure. Taabu ilikuwa kutoka. Neno lenyewe gereza tulilipata kwa Wareno: kwao igreja ni kanisa, na kanisa lao lilikuwa ndani ya kuta zile zile walimofungia watu. Wazee wetu hawakuona haja ya kuyatenga mambo hayo kwa maneno mawili.

Msidhani nachukia wageni. Kisiwa hiki kilipokea wageni kabla hakujawa na wizara ya kuwahesabu. Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja mwaka 1331, akaandika kuhusu ndizi zetu na samaki wetu na misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na kwamba milangoni mwa misikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili, mtu akateka maji akanawa miguu kabla ya kuingia. Natamani angerudi. Angekuta bomba la kwangu limekauka tangu juma lililopita, na maji ya kunawia yanakuja kwa mkokoteni, kwa madumu, kwa bei inayopanda kila jua linapozidi. Karibu miaka 700 ya maendeleo, na mgeni aliyeona maji mlangoni ni yule wa kwanza.

Vasco da Gama alifika Aprili 1498, hatukuelewana, akaondoka kwenda Malindi. Malindi wakampokea kwa mikono miwili, na mpaka leo wana nguzo yake ya kuwatoza watu kiingilio. Hilo nakiri lilikuwa kosa la kibiashara la babu zetu. Mwaka 1505 akaja Francisco de Almeida, akaupora mji na kuutia moto. Wenzake wakarudi baadaye wakajenga Ngome, nasi tuliokwisha kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tukakuta mgeni kaja na mzinga. Kumtoa kulihitaji Waarabu wa Omani waizingire Ngome kutoka Machi 1696 hadi Disemba 1698, miezi thelathini na mitatu. Na hao waliotutolea mgeni nao wakakaa. Kwa hiyo mtalii wa siku moja, mwenye kofia na chupa ya maji, kwetu ni neema. Ninachouliza ni kwa nini aletwe mpaka mlangoni kwangu kuoneshwa kwamba mimi sipo.

Labda mtasema mzee huyu si wa asili kamili, ana simu na anatazama mpira wa Uingereza. Nitajibu kwamba picha inayojulikana kuliko zote za mji wetu ni pembe za aluminiamu za Barabara ya Moi, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa heshima ya ugeni wa kifalme. Hazijapata kuota kwa tembo yeyote. Kama zile zimekubalika, na mimi nimo.

Nieleze sasa hali ya kifaa, kama fomu zenu zinavyotaka. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, imepakwa chokaa tangu babu, maana ukuta wa matumbawe huvuta pumzi, na rangi ya ndoo ya dukani huuziba pua mpaka unyevu ukaugeuza unga. Mwaka 2018 kaunti ilipoamrisha majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu, nilifurahi: hatimaye serikali imekubaliana na babu kuhusu nyeupe. Kuhusu pumzi hakuna aliyeuliza.

Tatizo ni roshani. Mbao zimeliwa, na sheria inanikataza kuweka saruji badala yake. Naiunga mkono sheria hiyo, kwa moyo wote, nawaapia. Roshani ya saruji ni kama ndevu za bandia. Nikaenda ofisi moja, nisiitaje, kuomba kibali cha kubadilisha mbao kwa mbao. Nikaambiwa nilete ramani iliyochorwa na fundi mwenye cheti. Ramani ikanigharimu kuliko mbao. Nilipoirudisha nikaambiwa afisa mhusika hayupo, yuko semina. Semina ya nini? Ya kuuhifadhi Mji wa Kale. Iko wapi? Diani, hotelini. Nikangoja. Mara ya tatu nikaambiwa faili limehama. Mara ya nne kijana wa mlangoni aliniamkia kwa jina, akaniuliza hali ya nyumbani, akanipisha kiti. Kibali hakikuwepo lakini udugu tulikuwa tumeshaupata.

Wakati huo huo nyumba ya nyuma yetu, rika moja na ya kwangu, mlango wa nakshi na zidaka zake zote, iliuzwa. Usiku mmoja ikaanguka, ikisaidiwa. Leo hapo pamesimama ghorofa la vigae na madirisha ya aluminiamu, linatunyima upepo wa kusi. Nilipouliza lilipataje kibali, nikajibiwa kwamba jengo lile halina thamani ya kihistoria. Ni kweli kabisa. Lililokuwa nayo lilibebwa na lori kabla ya alfajiri.

Ndipo nilipofahamu utaratibu wenu. Anayeomba ruhusa ya kutengeneza hungoja, asiyeomba hujenga, na kinachobaki hutembezwa wageni. Nimeona niwarahisishie kwa kuhamia moja kwa moja kwenye kundi la tatu.

Masharti yangu si mengi. Nitakuwa kwenye maonyesho kuanzia saa tisa alasiri hadi magharibi, isipokuwa wakati wa swala, na Ijumaa mpaka baada ya biriani. Kiingilio kiwe cha madaraja kama desturi yenu, raia bei yake, mgeni bei yake. Watoto wa mtaa waingie bure, kwa kuwa wananicheka bure tangu zamani. Mapato tugawane, fungu langu litanunua mbao. Nisiguswe, nisipigwe mwanga wa kamera machoni, na nikilala nisiamshwe. Simba wa mbugani hapewi amri ya kuamka, nami naomba heshima hiyo hiyo.

Naomba pia msajili wengine mapema. Muuza kahawa wetu, mwenye dele la shaba na vikombe vinavyolia kama marimba, kodi ya chumba imemshinda, anasema mwezi ujao anahamia Kisauni. Akishavuka daraja la Nyali hamtampata tena, mtabaki na dele lake kwenye kabati. Msajilini na msukuma mkokoteni wa maji. Mke wangu amekataa kusajiliwa. Anasema ana mahamri jikoni.

Na sharti la mwisho, ambalo sitalilegeza. Linahusu kibao cha maelezo. Andikeni mtakavyo, karne ya ishirini, mwenye asili ya Mvita, haijulikani anayemtunza. Lakini kitenzi kiwe cha wakati uliopo. Kiandikwe "hapa wazee wanakaa". Kikiandikwa "walikuwa wakikaa" nitakitoa kwa koleo, na ninayo.

Humu Mji wa Kale kuna Msikiti wa Mandhry, unaotajwa kuwa wa mwaka 1570. Haujafungiwa kamba, hauna tiketi, hakuna aliyeuandikia kwamba watu walikuwa wakiswali humo. Adhana ikilia wanavua viatu wanaingia. Mnara wake bado umesimama, na sijasikia semina yoyote kuuhusu.

Nangoja majibu. Barua iletwe kwa mkono, aje nayo kijana yeyote, aulize barazani. Kila mtu anajua nilipo.

Wenu katika kusubiri,

Mzee wa Kibokoni

Tanbihi: Mjumbe akija, apite upande wa kushoto wa kichochoro. Upande wa kulia ndiko iliko roshani.