Sifa za Tetesi za Usajili

Wenye kusifu mabao ya Haaland na chenga za Saka wapo wengi, waendelee. Mimi hapa Kirando nasifu kitu ambacho hakijawahi kupewa hata kikombe cha bati: tetesi za usajili.

Nasaba yake si ya kubeza. Tetesi huzaliwa usiku kwenye magazeti ya London, Madrid au Milan. Asubuhi BBC inazikusanya, BBC ya Kiswahili nayo inazipokea, na kabla chai haijachemka zimeshaingia kwenye magrupu ya WhatsApp ya wavuvi wa Ziwa Tanganyika. Masika lori linaweza kukwama njiani kutoka Namanyere. Tetesi hazijui tope.

Kwa ukarimu hazina mpinzani. Mwaka 2024 serikali ilifunga ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Ligi Kuu ya Uingereza, kana kwamba walikaa kikao kimoja, ikamalizika Mei 19 na kurudi Agosti 16. Miezi mitatu hakuna migebuka, hakuna Arsenal. Euro ya Ujerumani ilipita katikati, Waingereza wakafungwa fainali na Hispania, tukarudi kwenye njaa yetu. Nani alitulisha? Tetesi. Asiye na vocha alimsogelea mwenye bando, wakala pamoja.

Mitumbwi imevutwa mchangani, kijana mwenye simu iliyopasuka kioo anawasomea wanaoshona nyavu: "Chelsea wanamtaka Osimhen."

Mzee mmoja hakuinua hata macho. "Wanamtaka, au wamemlipia?"

"Sasa babu, kutaka si ndiko kuanza?"

Mzee akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Basi pita dukani, uwaambie nautaka unga."

Wakaidi wa namna hiyo hawajui neema. Kwa tetesi, mtu asiye na nauli ya kufika Sumbawanga anatumia pauni milioni 100 kabla ya saa nne asubuhi. Anauza beki mzembe, ananunua straika, na chenji inatosha kumwongezea kipa mkataba. Benki gani inakopesha hivyo bila dhamana?

Tena zina moyo wa chuma. Kiangazi kile Šeško alishavalishwa jezi ya Arsenal vijiweni kote. Juni akasaini mkataba mpya palepale Leipzig. Osimhen naye alihusishwa na Chelsea mpaka dirisha likafungwa Agosti 30. Septemba akatua Galatasaray kwa mkopo. Binadamu wa kawaida angeona haya, akae ndani wiki nzima. Tetesi ziliamka na afya zao, zikaanza kumpangia safari ya Januari.

Na anayesema tetesi ni uongo mtupu amkumbuke Mbwana Samatta. Tangu alipojiunga na Genk mwaka 2016, vijiwe vyetu vilimpeleka Uingereza kila dirisha, tukimchagulia klabu kama wazee wanaochagua mkwe. Januari 2020 ikawa kweli: akasaini Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ile. Basi tukauonja ukweli. Akafunga bao dhidi ya Bournemouth, Villa wakalala 2-1. Akafunga tena Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, Villa wakalala 2-1. Septemba mwaka huohuo akapelekwa Fenerbahçe kwa mkopo.

Pigeni hesabu wenyewe. Ukweli ulitupa miezi minane, na mabao yote mawili yakaishia kwenye kipigo. Tetesi zilitupa miaka minne ya Samatta Uingereza, na katika miaka yote hiyo hatukufungwa hata mechi moja.