Sikujua Si Chanzo

Paukwa? Pakawa. Na hapo palipokuwa, paka walikuwa wengi, maana palikuwa Kibokoni, na Kibokoni ukitupa kichwa cha samaki hakifiki chini.

Si zamani sana. Tuktuk zilikwisha kuja na kuanza kupigana vikumbo na mikokoteni, wanyama wa mtaa walipojipatia ukuta. Ulikuwa ubavu wa nyumba kuukuu ya mawe ya matumbawe, ambayo wenyewe wako Maskati na hawajarudi kuipaka chokaa. Sharti lilikuwa moja: kila mwenye ukucha aandike analolijua, na kila mwenye ukucha akwangue asilolikubali. Mshahara hakuna. Bakshishi hakuna. Wakauita Ukuta wa Wote.

Aliyewahi kuchungulia nyuma ya pazia la Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo inayoandikwa na watu wa kujitolea tangu 2003, huenda akazitambua baadhi ya sura. Mimi simtaji mtu. Nasimulia paka.

Mkubwa wa baraza alikuwa Bi Nunda, paka mzee mwenye sikio moja na nusu, aliyedai kuwa ni ukoo wa yule nunda mla watu wa hadithi, ingawa yeye mwenyewe hajapata kula zaidi ya vichwa vya changu. Mjusi alikaa juu yake, karibu na taa. Punda wa mkokoteni wa maji alisimama njiani, kwa kuwa barazani hapandi. Popo alikuja usiku wa manane, akasoma kila kitu kichwa chini miguu juu, akaacha maoni marefu ambayo asubuhi hakuna aliyejua ayashike upande gani.

Na kunguru. Huyu alikuwa mkabidhi wa ukuta. Hakuchaguliwa kwa elimu. Alichaguliwa kwa sababu usiku wa uchaguzi wengine wote walisinzia, na kwa sababu yeye peke yake aliweza kuruka na kopo la chokaa mdomoni. Alichokipaka kilitoweka, au tuseme kilijificha, maana jua la alasiri likija kwa ubavu, maandishi ya chini ya chokaa husomeka yote, matusi na yote. Hapo ndipo wajuzi walipokwenda kusoma. Juu ya chokaa kulikuwa na elimu; chini yake kulikuwa na ugomvi, na ugomvi ulikuwa mtamu zaidi.

Makala ya kwanza ilikuwa, bila shaka, Kibokoni yenyewe. Bi Nunda aliandika: "Kibokoni ni mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Uliitwa hivyo kwa ajili ya kiboko." Akaenda kulala ameridhika. Alfajiri akakuta swali limekwanguliwa pembeni: "Kiboko yupi? Au kiboko kipi?"

"Mnyama," alisema Bi Nunda jioni ile, kikombe cha kwanza cha kahawa kikilia mtaani.

"Kisiwani?" aliuliza Mjusi. "Alivuka maji ya chumvi akifuata nini?"

"Huenda ni kile cha ngozi," alisema Punda kwa sauti ndogo. "Kile cha kuchapia."

Kunguru alikohoa. "Punda ana maslahi katika jambo hili. Aliyechapwa haandiki habari za fimbo. Ndiyo kanuni."

"Na aliyechapa?"

"Aliyechapa ameandika kitabu. Huyo ni chanzo."

Punda hakuuliza tena. Kazi yake ukutani, kwa kweli, ilikuwa herufi tu. Miaka yote ile hakuandika sentensi hata moja, lakini hapakuwa na "hadhari" iliyopita kama "athari" mbele yake, wala nukta iliyosahauliwa. Alipita na mkokoteni, akasimama, akasoma herufi kwa herufi, akarekebisha, akaenda zake. Nadhani ndiye aliyekuwa mfanyakazi bora kuliko wote, na ndiye ambaye jina lake hukulikuta popote.

Suala la kiboko liliamuliwa na Korongo. Huyo ni ndege wa Ulaya, aliyepita msimu mmoja akikimbia baridi, akakaa Kibokoni siku sita, akarudi kwao akaandika kitabu kinene. Ndani yake: mtaa umepewa jina la kiboko, mnyama, "kama wanavyosimulia wenyeji." Kunguru alifurahi kupita kiasi. Akapaka chokaa swali, akaandika jibu, akaweka jina la Korongo chini kama muhuri.

Bi Nunda alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. "Wenyeji ni mimi! Alinikuta hapa hapa. Nalimtania, mwanangu. Hakuniletea hata mkia wa dagaa, nikamwambia kiboko alikuja kuoga Bandari ya Kale siku ya Ijumaa."

"Una chanzo kwamba ulikuwa ukimtania?"

"Yuwaniuliza chanzo! Si mimi niliyetania?"

"Hilo ni neno lako juu yako mwenyewe, Bi Nunda. Halikubaliki."

Basi kiboko akabaki ukutani, na ukimwuliza mtalii yeyote leo atakwambia habari zake.

Msinione namwonea kunguru. Bi Nunda naye alikuwa na ulimi usio na breki. Aliwahi kuandika kwamba babu yake mzaa babu ndiye aliyetafuna kamba za merikebu za Vasco da Gama. Ni kweli kwamba Aprili 1498 wenyeji wa Mombasa waliogelea usiku wakajaribu kuzikata kamba zile. Lakini paka kuogelea? Chokaa ilipita hapo, nami nilikuwa upande wa chokaa. Na bila kopo lile, Panya angalikwisha kuandika kila mahali kwamba panya ndiye sultani wa Mvita. Aliandika hivyo kila usiku bila kutia jina, kisha akaja mchana na mikia mitatu ya kubandika, akapiga kura mara tatu kwamba iachwe.

Tabu ilikuwa kwingine. Kuhusu Ngome, ambayo iko hatua chache tu kutoka barazani, ukuta ulijaa: Wareno walianza kuijenga 1593, mchoraji wake Mwitaliano Cairati, Waomani waliizingira kuanzia 1696 wakaiteka 1698, UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia 2011. Kila tarehe ilikuwa na vyanzo vitano, vinne kati yake vimenakili kile cha kwanza. Lakini kuhusu mama wa viazi karai wa pembeni, ambaye mtaa mzima ulipanga foleni kwake kila Magharibi, palikuwa na mstari mmoja tu, nao Kunguru aliufuta. Hana umuhimu, alisema. Alikuwa amebeba kipande cha kiazi mdomoni alipokuwa akisema hivyo, ndiyo maana "umuhimu" haikusikika vizuri.

Mjusi alikuwa na dawa yake ya upungufu wa ukuta: idadi. Alitambaa nyumba kwa nyumba akaandika: "Mlango wa kwanza ni mlango wa Kibokoni. Makala hii bado ni mbegu." Halafu: "Mlango wa pili ni mlango wa Kibokoni, baada ya ule wa kwanza. Makala hii bado ni mbegu." Mbegu ndilo jina walilolipa andiko fupi, kwa matumaini kwamba mtu atapita na maji. Alifika mlango wa mia nne. Ukuta ukawa mkubwa, wageni wakausifu kwa ukubwa wake, na Punda akasahihisha "mlango" mara mia nne. Nimewahi kusoma makala za kata na vijiji katika kamusi elezo fulani, nikamkumbuka sana Mjusi.

Siku moja papa wa biashara alitoa tangazo: atakayeandika zaidi atapata dagaa kapu zima. Njiwa walishuka kutoka Marikiti kama mvua. Waliandika mchana na usiku, wengine wakinakili ukuta wa jirani pamoja na nyufa zake. Kapu lilipogawiwa, ukuta ulibaki na vinyesi na mbegu, na baraza likabaki na wale wale watano. Google nayo iliandaa shindano la namna hiyo mwishoni mwa 2009, kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania, zawadi kompyuta na simu. Makala ziliongezeka, hilo halina ubishi. Wahariri ni hesabu nyingine.

Lakini ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa herufi moja.

Bi Nunda aliandika "Ndia Kuu", jina la ile barabara iliyo karibu na Ngome. Kunguru akapaka, akaandika "Njia Kuu". Bi Nunda akakwangua. Kunguru akapaka. Ilikwenda hivyo wiki tatu, hata mahali pale ukuta ukawa na tumbo.

"Kiswahili sanifu ni njia," alisema Kunguru. "Mkutano wa 1928 ulichagua Kiunguja."

"Mkutano ulikaa wapi?"

Kunguru alinyamaza kidogo. "Mombasa."

"Wakalala Mombasa, wakala wali wa Mombasa, wakatoka na ulimi wa Unguja?"

"Ndivyo ilivyo."

"Basi wewe na hicho kisanifu mumepanda chombo kimoja."

Hilo lilimchoma. Jamaa zake, kunguru wa shingo ya kijivu, waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka za mji, na kutoka hapo wakaenea pwani nzima. Kunguru hakupenda habari hiyo itajwe, na ajabu ni kwamba makala ya Kunguru ilikuwa mahali pekee ukutani ambapo vyanzo vyote vilionekana havitoshi.

"Kibao cha mtaa chenyewe kimeandikwa Ndia," alisema Punda.

"Kibao si kitabu."

Bi Nunda alinyanyuka, akajinyoosha mgongo, jambo alilolifanya tu alipokuwa na silaha. "Muyaka bin Haji wamjua?"

"Mshairi wa Mvita. Alifariki mnamo 1840. Diwani yake ilichapwa Johannesburg, 1940. Mhariri Hichens."

"Hiyo miaka mia katikati, mashairi yalikuwa yakikaa wapi?"

Kunguru alitafuta.

"Yalikaa midomoni," alisema Bi Nunda. "Kwa wazee wa hapa, barazani kama hivi. Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyepita akiyaokota, neno kwa neno, akamwandikia mmisionari Taylor. Angalikuja kwako, ungalimwambia nini?"

"Ningalimwuliza chanzo."

"Angalisema amesikia kwa wazee."

"Ningalipaka." Kunguru hakuona haya kusema hivyo, alikuwa mtu wa kanuni, kama ndege anaweza kuwa mtu. Kisha akaongeza, akijiona amepata bao: "Na hata jina lake, Bi Nunda. Mtu anajitambulisha kwako kwamba Sikujua. Utamfanyaje kuwa chanzo?"

Baraza lote liliangua kicheko, Bi Nunda akiwa wa kwanza. Ndivyo walivyokuwa. Mtu aliyewasikia kwa mbali angedhani wanatoana roho, lakini muuza kahawa alipoanza kukusanya vikombe hakuna aliyetaka kuondoka. Kila mmoja alibaki akisema ana neno moja tu la mwisho.

Halafu nyumba ikauzwa. Si ile yenye ukuta. Ile aliyoishi Bi Nunda. Mnunuzi alitaka kuweka duka la vinyago. Watu wake walifunga virago, wakamtia Bi Nunda katika kapu, wakafunika kwa kanga, wakavuka naye Likoni. Sauti yake ilisikika mpaka Makadara.

Ukuta ukanawiri. Hakuna aliyekwangua usiku. Kila mstari ulikuwa na chanzo, kila chanzo kilikuwa na tarehe, na Njia Kuu ilikaa Njia Kuu wiki nzima bila jeraha. Kunguru alikuja baada ya Isha, akakaa na kopo lake. Mjusi aliandika mlango wa mia tano. Popo akaleta maoni. Saa tatu hivi wote wakawa wamekwenda kulala.

Usiku wa tisa Kunguru alimwambia Mjusi anakwenda kukagua jambo fulani. Alipanda paa la feri, ingawa ana mabawa, akashuka Likoni pamoja na abiria. Alimkuta Bi Nunda juu ya mtungi wa maji, amenenepa.

"Nimekuja kuuliza kuhusu kiboko," alisema Kunguru. "Kwa ajili ya kumbukumbu tu. Haitaandikwa."

"Kiboko yupi?"

"Au kipi."

Bi Nunda alifumba mato. Akamwambia habari ya tatu, si ya mnyama wala ya mjeledi, ndefu, yenye jahazi ndani na harusi mbili, na katikati akabadilisha jina la bwana harusi. Kunguru alimsahihisha. Wakabishana mpaka adhana ya alfajiri. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa.

Jioni moja alitua ukutani amechelewa, jua limeshapita, taa ya Mjusi imewaka. Alisimama mbele ya mstari wake mwenyewe, mweupe, safi. Akakwangua j. Akachonga d.

"Ami Kunguru," aliita Mjusi kutoka juu, "chanzo?"

Kunguru alisema feri ilikuwa na foleni.

Punda akapita na mkokoteni wake. Alisimama, akasoma "Ndia Kuu" herufi kwa herufi, akatikisa masikio, akaenda zake.