Mwizi Kanipa Pole

Mwizi wa simu yangu amenipa pole. Amenipa mbele ya kadamnasi, kwa sababu kitochi nilichoazimwa na muuza maji pale Buguruni Sheli kimegoma kutoka kwenye spika, na anayepigiwa husikika mpaka ng'ambo ya barabara. Nilikuwa nimejipanga kuanza na vitisho. Kabla sijafungua mdomo, sauti ya kijana ikasema: "Shikamoo mzee. Najua ni wewe mwenye simu. Pole sana aisee. Ila mbona hii simu yako haikai chaji?"

Kituo kizima kikacheka. Konda mmoja, aliyekuwa akiwalaani vibaka kwa niaba yangu, ndiye aliyecheka kuliko wote. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajikuta namjibu: "Inakaa, ukizima data." Akashukuru, akakata.

Kuibiwa kwenyewe hakuna la kusimulia. Foleni, dirisha la daladala, mkono. Nilibaki nimeshika hewa, kidole gumba bado kinaendelea kuandika.

Kazi ilianza kesho yake, nilipokwenda kurudisha laini. Wakala alikuwa kijana mpole, chini ya mwavuli, na kimeza, kiti cha plastiki na kimashine cha kusoma vidole. Akaniuliza namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Ni tarakimu 20. Nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka ukitangulia, na hizo nilizitamka kwa kujiamini kiasi kwamba waliokuwa nyuma yangu walidhani nimemaliza. Kumi na mbili zilizobaki zilikuwa kwenye picha, picha ilikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa kwa kijana anayejua kusalimia wakubwa. Nikapanda bodaboda kufuata kadi nyumbani.

Niliporudi, nikakuta mtihani bado. "Nitajie namba tatu unazopiga mara kwa mara."

Nikamtazama. Mke wangu nampigia kila siku ya Mungu. Namba yake inaanza na sifuri. Mama mzazi, sifuri pia. Bosi wangu sijui hata mtandao anaotumia. Kwangu mimi ni picha ya mtu mwenye tai. Nikafumba macho, nikasaka kichwani kote, na ikaja namba moja, nzima, haina pengo, tarakimu zote kumi. Nikaitamka kwa furaha. Kijana akaitafuta kwenye orodha yake, hakuiona. Mama aliyekuwa kwenye foleni ndiye aliyeitambua: "Hiyo si ya yule mganga wa kwenye nguzo?"

Ndiyo yenyewe. Imebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme njia nzima ninayopita, chini ya maneno ya rangi nyekundu: anarudisha mpenzi aliyeondoka, anashindisha kesi, anarudisha mali iliyoibiwa. Foleni za Dar es Salaam zimenikaririsha namba ya mtu nisiyemjua, huku za watu wangu zimenipita. Nikaokolewa na swali jingine, kwamba mara ya mwisho nilimtumia nani pesa. Fundi bomba. Deni halisahauliki.

Kidole changu kikasoma mara moja. Nikaambiwa ningoje laini iamke, na hapo ndipo nilipomuuliza kijana jambo lililokuwa likinikera usiku kucha: ile laini aliyonayo mwizi itakuwaje? "Itakufa," akasema. Itakufaje, na iko mfukoni mwake, nzima? Akavuta kiti.

Miaka yote nimeamini namba yangu ya simu imo ndani ya kile kipande cha plastiki. Wapi! Namba imeandikwa kwenye daftari la kampuni, kwenye kompyuta. Ndani ya laini kuna utambulisho mwingine, tarakimu zisizozidi 15, ambao mimi na wewe hatuuoni, na pamoja nao siri moja ndefu. Siri hiyo iko mahali pawili tu duniani: ndani ya kile kipande, na kwenye kompyuta ya kampuni. Simu ikitaka kuingia hewani, mtandao hauiulizi siri, maana hewani kuna wadukuzi. Kinachofanyika ni kitendawili. Mtandao unatega: unarusha namba yoyote ya kubahatisha. Laini inaichanganya na siri yake na kutoa jibu. Kompyuta nayo imepiga hesabu hiyohiyo upande wake. Majibu yakilingana, karibu ndani. Safari nyingine kinategwa kitendawili kipya, kwa hiyo aliyedukua jibu la jana leo hana pa kulipeleka. Siri haijatamkwa hata mara moja. Yote haya yanapita kila unapowasha simu, wakati wewe unangoja vile vijistari vya mtandao vipande. Teknolojia yenyewe si ya juzi. Kadi za kwanza zilitengenezwa mwaka 1991 na kampuni ya Kijerumani, Giesecke & Devrient, ikawauzia Radiolinja wa Finland kadi 300.

Sasa, kurudisha laini ni kwenda kwenye lile daftari na kuandika kwamba namba hii imehamia kwenye siri nyingine. Laini ya mwizi haivunjiki wala haiungui. Inabaki inajua kila jibu, ila haitegwi tena. Nilipoelewa hilo nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu niibiwe, nikamwomba kijana arudie pale pa kutotegwa.

Akarudia, kisha akaniharibia raha. Kila laini ina kufuli yake ya tarakimu nne. Ukikosea mara tatu inajifunga, mpaka uilete PUK ya tarakimu nane, ile iliyochapwa kwenye kadi kubwa ambayo tukishabandua laini tunaitupa hapohapo dukani. Karibu kila mtu anaiacha kufuli hiyo wazi. Tunafunga kioo cha simu kwa mchoro, kwa kidole, kwa sura, na mwizi wala hashughuliki nacho: anachomoa laini, anaitia kwenye simu yake, anaiambia WhatsApp imtumie tarakimu za kuingilia, na tarakimu zinamfikia yeye. Kuanzia hapo yeye ndiye mimi. Hakuulizwa namba ya NIDA wala jina la fundi bomba.

Zamu ikamfikia yule mama aliyemtambua mganga. Anauza chapati. Laini yake ilikatika, ndiyo inayopokea pesa za wateja. Akaweka kidole, mashine ikakataa. Kijana akakifuta kwa kitambaa, ikakataa. Cha shahada, cha kati, gumba la kushoto. Akaambiwa akisugue kwenye kanga, akanawe kwa sabuni, apake mafuta, afute mafuta. Mashine ikakataa vyote kumi. Mikono ambayo miaka na miaka imegeuza chapati kwenye chuma cha moto, imefua na kusugua masufuria kwa majivu, haina tena mistari ya kusomeka. "Mama, nenda mjini kwenye duka kubwa, huenda wao wana mashine nzuri," kijana akasema, naye hakuwa na kosa. Mama akauliza nauli ni shilingi ngapi, na chapati azisimamie nani.

Hapo sikucheka. Usajili wa laini kwa vidole ulianza Mei 2019, na 20 Januari 2020 zikaanza kuzimwa zile ambazo hazijasajiliwa. Tulipanga foleni juani na tukaambiwa ni kwa usalama wetu, matapeli watajulikana. Nani aliyejulikana? Kijana aliyenipa pole ana vidole laini, vya mtu asiyeshika jembe wala chuma cha chapati. Mashine yoyote ingemsoma kwa mguso mmoja. Lakini mashine inamngoja yule aliyeibiwa, na kati ya walioibiwa inawachuja waliofanya kazi nyingi zaidi. Mama yule alilipwa mauzo ya siku nzima kwa namba ya jirani. Aliyebuni utaratibu huu hajawahi kushika kitu cha moto.

Mengine ni madogo. Kituo cha polisi kilikuwa kimeishiwa karatasi, nikanunua zangu. Wakataka IMEI, zile tarakimu 15 za simu yenyewe, ambazo unazipata kwa kubonyeza *#06# kwenye simu, ile iliyoibiwa. Boksi lake mwanangu alishalikata akatengeneza basi la mwendokasi, na tarakimu zimeishia kwenye gurudumu la nyuma. Simu mpya inakaa chaji.

Kilichobaki ni kamati ya harusi ya mpwa wangu, ambayo mimi ni katibu wake. Kwa miezi nimekuwa nikiwakumbusha wajumbe ahadi zao, kwa kubembeleza, kwa dua, kwa picha za maua, nikijibiwa "mwisho wa mwezi" na "tuko pamoja". Usiku wa kuibiwa, mwizi aliandika kwa jina langu ujumbe mmoja tu: "Ndugu wajumbe, ukumbi unadai leo. Tumeni kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Wakatuma. Wakatuma hata wale waliokwisha kujitoa kwenye kamati kimyakimya. Shemeji, ambaye hajawahi kunitolea hata nauli, alitimiza ahadi yake yote na kuongeza ya soda.

Juzi tulikaa kikao. Nilidhani ningepewa pole, nimeshazizoea. Mweka hazina akasoma mapato, akasifu mwamko, akapendekeza mjumbe anayejua kuhimiza namna ile aendelee na ukatibu. Kisha akaandika jina langu kwenye safu ya wadaiwa, kwa jumla yote iliyokusanywa, kwa sababu imepokelewa na katibu.